Meza Inayomeza: Stori ya Mafundi Wasio na Majina, Kutoka Kasha la Pwani Mpaka Kompyuta ya Geto

Umeshaiona ile klipu. Meza imekaa kama meza ya kawaida, juu yake kuna kikombe cha chai na simu, basi. Jamaa anabonyeza kitufe. Ubao wa nyuma unafunguka, skrini ya kompyuta inapanda taratibu kama jini kwenye filamu, kibodi inachomoza kutoka kwenye droo. Akimaliza kazi anabonyeza tena, kila kitu kinazama. Meza imeimeza kompyuta, na chumba kimerudi kuwa chumba. Chini ya klipu za namna hiyo maneno huwa ni yale yale: wenzetu wametuacha mbali, sisi tutafika lini.

Haya, kabla hujaandika na wewe, nenda jikoni kwenu ukaangalie nyuma ya mlango. Kama nyumba yenu ni ya Pwani, kuna mbuzi ya kukunia nazi. Mbao mbili zimepishana kama mkasi, moja imebeba ulimi wa chuma wenye meno, nyingine ni mguu. Ukiifungua ni kiti, na ni mashine pia. Ukiikunja ni ubao bapa unaosimama ukutani bila kumsumbua mtu. Bibi yako ameikalia maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa kuwa na fanicha ya kubana nafasi.

Binamu yake mbuzi ni marufaa, kile kitako cha kuwekea msahafu. Marufaa ya kizamani hutoka kwenye ubao mmoja tu. Fundi anaupasua ubao kwa unene wake kutoka juu na kutoka chini, lakini hafiki mwisho. Pale kati anachonga vidole vinavyoingiana, na ubao unafunguka kama kitabu. Hakuna msumari, hakuna bawaba, hakuna gundi. Akikosea patasi mara moja, ubao wote umekwenda na kazi inaanza upya. Teknolojia hiyo imeenea ulimwengu wote wa Kiislamu, na mafundi wa Pwani waliichukua wakaifanya yao. Nani alichonga marufaa ya msikiti wa mtaani kwenu? Hakuna anayejua. Na hilo ndilo tatizo la stori hii nzima.

Kwa nini watu wa mwambao walijua sana kubana? Jibu liko darini. Nyumba za mawe za zamani, kuanzia Lamu mpaka Bagamoyo na Kilwa, zilisimamishwa kwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na haiogopi mchwa sana, ila ina urefu wake. Kwa hiyo vyumba vilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi, ukizidi sana 3. Ungeweza kuwa tajiri wa karafuu na pembe za ndovu, lakini chumba chako kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa. Mti ndio uliopanga ramani ya nyumba. Ndiyo maana kuta zilichimbwa vidaka vya kuwekea vyombo, na vitanda vikubwa vya samadari vikanyanyuliwa juu kwa miguu mirefu ili mvungu upokee masanduku.

Na mvunguni, au pembeni ya kitanda, palikaa kasha.

Hapa inabidi kutulia kidogo, maana kasha ndilo babu wa meza inayomeza. Ni sanduku la mbao nzito, mara nyingi msaji, limepigwa njumu na mabati ya shaba kwa maua na nyota. Wauza vitu vya kale wa Zanzibar huyagawa kwa majina ya Surat, Bombay na Shirazi, na majina hayo yanakwambia kwamba mengi yalikuja na majahazi kutoka India na Ghuba kabla mafundi wa huku hawajaanza kuyaunda wenyewe. Shaba haikuwekwa kwa ajili ya urembo peke yake. Hewa ya bahari inakula chuma. Komeo la chuma kwenye nyumba iliyo mita mia moja kutoka ufukweni linaanza kulia mapema sana, shaba inabaki ikibadilika rangi tu.

Ukifunua kasha, upande mmoja unakuta kijisanduku chenye mfuniko wake, cha kuwekea vitu vidogo. Mgeni akiona hapo anajua amemaliza. Kumbe bado. Ukiinua au kusogeza ubao fulani wa kile kijisanduku, nyuma yake kuna vidroo vidogo ambavyo jicho halikuviona. Humo ndimo zilimokaa hati za shamba, pete, riale za Maria Theresa na baadaye rupia. Kasha mara nyingi lilikuwa la mwanamke, liliingia naye siku ya harusi, na kisheria mali yake ilikuwa yake. Yaani ule ubao unaosogea haukuwa mchezo. Ndoa ikivunjika, au mume akifa na ndugu zake wakatua asubuhi kuhesabu vijiko, kilichomo nyuma ya ubao ndicho kilichomlinda. Fundi aliyetengeneza alijua siri hiyo, mteja aliijua, na pengine binti mmoja. Ukisema usalama wa nywila, wao waliuweka kwenye mbao.

Sasa njoo Bagamoyo yenyewe, karne ya 19, mji ambao barabara ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa inaishia baharini. Kila kitu kilichokwenda bara kilikwenda kichwani au begani. Hakuna gari, na punda na ng'ombe wa mizigo walimalizwa na ndorobo. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Namba hiyo ikaamua sura ya kila kitu, kama vile boriti ilivyoamua upana wa chumba. Kitambaa kilifungwa kwa kipimo cha bega la mtu mmoja, na furushi hilo liliitwa mtumba. Ndiyo, neno ni lile lile la Karume na Ilala.

Wazungu waliokwenda bara walitaka kulala kwenye kitanda na kuandika barua mezani, kwa hiyo walibeba fanicha za kijeshi za Kiingereza: viti vya kukunja, meza za kufungua miguu kwa skrubu, makabati yanayogawanyika vipande viwili na yenye kona za shaba ili yasipasuke yakigonga mti. Kitamu kuliko vyote kilikuwa kisanduku cha kuandikia. Kimefungwa ni kama boksi la viatu. Ukikifungua kinakuwa meza ndogo ya mteremko yenye ngozi au kitambaa, sehemu ya wino, sehemu ya kalamu, na mara nyingi kibao cha springi ambacho ukikibonyeza kinaruka na kuonyesha vidroo vya siri. Weka skrini hapo badala ya ule mteremko na una laptop. Bila utani.

Kichekesho ni kwamba vitabu vilivyoandikwa juu ya visanduku hivyo vilimtaja aliyeandika, vikaitaja mito, vikataja hata mbwa. Mtu aliyebeba meza kutoka Bagamoyo kupita mbuga na vinamasi hakuandikwa. Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua nzima, Lady Alice, ya urefu wa karibu mita 12, ikiwa imekatwa vipande. Jina la mashua linajulikana mpaka leo. Waliopeana zamu kubeba vile vipande mpaka Ziwa Victoria na kuviunga tena, wengi wao ni hesabu tu.

Mwaka huo huo, mwezi Februari, Bagamoyo ilishuhudia ufichaji mkubwa kuliko wote. Livingstone alifia bara, sehemu ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Watu wake wakaukausha mwili na kuubeba kurudi pwani, safari ya miezi mingi. Njiani palikuwa na watu wasiotaka maiti ipite kwao. Basi wabebaji wakazuga kama wanaurudisha nyuma kwenda kuuzika, huku wameufunga upya ukaonekana mtumba wa kitambaa wa kawaida, na msafara ukaendelea. Chuma na Susi majina yao yamebaki. Wengine waliokuwemo kwenye msafara ule hawakupata bahati hiyo.

Kwa Wazungu nako mambo ya meza yalikuwa yamepamba moto, tupite haraka. Mjerumani David Roentgen wa Neuwied, karibu mwaka 1779, alitoa kabati la kuandikia ambalo ukizungusha ufunguo milango inajifungua, droo zinatoka, kiegemeo cha kitabu kinapanda chenyewe. Mambo ya ndani, magurudumu na springi, alisaidiwa na fundi saa Peter Kinzing. Walionunua vitu vyake ni wafalme. Mwaka 1874, ule ule wa Lady Alice, Mmarekani William Wooton wa Indianapolis alipata hakimiliki ya meza inayojifunga kama kabati yenye milango miwili mizito iliyojaa vishimo vya barua. Mwaka 1882 Abner Cutler wa Buffalo akapata yake ya meza yenye mfuniko wa vibao vinavyojikunja, ile unaivuta chini na fujo zako zote zinapotea kwa sekunde. Ona tofauti. Roentgen, Wooton na Cutler wana majina kwa sababu kulikuwa na ofisi ya hakimiliki, au mfalme mwenye katibu anayeandika risiti. Ndani ya karakana ya Roentgen mwenyewe walikuwemo vijana kibao wanaopiga randa, na hao nao wamepotea vilevile kama wetu.

Lakini kifaa kilicholeta wazo la mashine inayozama mezani mpaka kwenye baraza za Waswahili si cha wafalme. Ni cherehani. Zipo zile cherehani za Singer za miguu ambazo kichwa chake kinakunjwa: unainua ubao, unalaza mashine inaning'inia chini kwa bawaba zake, unarudisha ubao, na mbele yako una meza ya kupigia pasi au ya mtoto kuandikia. Asubuhi fundi anaitoa, usiku anaizamisha. Ukichungulia chini ya meza ya kisasa ya kuficha kompyuta, mchoro ni ule ule: tundu la mstatili, bawaba mbili, kifuniko kinacholingana na uso wa meza. Kilichoongezeka ni mota. Mwenye cherehani hakuificha kwa ajili ya urembo tu, maana hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake, ada za watoto na kodi ya chumba. Ikiibiwa, familia imelala njaa.

Kompyuta yenyewe iliingia Tanzania ikiwa haifichiki. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ya aina ya ICT 1500, mashine inayotaka chumba chake, kiyoyozi chake na wataalamu wake. Hapo ni jengo linaloimeza kompyuta, si meza. Mambo ya mahesabu ya serikali kwa mashine hayakwenda vizuri, fedha za kigeni zilikuwa ngumu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka mia moja kamili baada ya hakimiliki ya Wooton, kwa wanaopenda kuhesabu. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Televisheni nayo, Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri mpaka 1994.

Ndiyo maana kizazi kilichozaliwa enzi hizo kilikuwa na heshima ya ajabu kwa kioo. TV ilivishwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, juu ikawekwa maua ya plastiki, na wenye uwezo waliagiza kabati lenye milango kwa fundi seremala: ikifika taarifa ya habari, mzee anafungua kwa ufunguo. Sasa, kichogo. Zile TV na kompyuta za zamani zilikuwa na kichogo kirefu nyuma, huwezi kukificha kwenye meza nyembamba hata ufanye nini. Wamarekani wa kampuni ya Nova, jimbo la Illinois, walijaribu kwa akili nyingine: kompyuta ya kichogo inalazwa chini ya meza ikitazama juu kwa mteremko, na meza inatobolewa dirisha la kioo. Mwanafunzi anainama kama anachungulia kisima. Ilifanya kazi, ila shingo na mng'ao wa taa vilileta lawama zake. Skrini bapa zilipokuja, ishu ikaisha. Kitu chenye unene wa sentimita chache kinaweza kuingia popote ambapo zamani ilikaa droo ya siri.

Na hapo ndipo tunafika Mkange.

Mkange ni kata ya halmashauri ya Chalinze, wilaya ya Bagamoyo, kaskazini ya mto Wami kuelekea Saadani. Ukiitafuta mtandaoni utapata habari za barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani mpaka Tanga, na habari za mkaa. Fanicha, sifuri. Ila jirani yake kuna msitu wa Zaraninge, moja ya mabaki ya misitu minene ya pwani, na misitu ya namna hiyo ndiyo nyumbani kwa mkongo, ambao sehemu nyingine wanauita mbambakofi. Mkongo ni mti wa milango ya kuchonga. Mzito, hauchezi sana na unyevu, mchwa anaupita pembeni. Mlango mzuri wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo haukuanzia kwa mchongaji. Ulianzia kwa watu wawili na msumeno mmoja mrefu, gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja kasimama juu anaongoza mstari, mwenzake yuko chini shimoni anavuta huku unga wa mbao unamwagikia machoni. Wapasuaji wa mbao. Hao ndio wa chini kabisa kwenye orodha ya wasio na majina, wako chini hata kihalisi.

Sehemu kubwa ya Zaraninge imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Hifadhi ilikuwa sahihi, maana miti iliyobaki ingekwisha ikawa mkaa wa Dar. Lakini kwa fundi ina maana moja: mkongo wa jirani haupo tena sokoni kihalali kama zamani. Leo seremala wa Keko anapiga kazi kwa paini na mikaratusi inayotoka Sao Hill kule Mufindi, au msaji wa shamba la Longuza kule Muheza kwa mwenye mfuko, au zile mbao za unga zilizogandishwa na gundi kutoka nje kwa wengi wetu. Na mbao za unga zina adui mmoja, naye ni masika ya Pwani. Zikinyonya maji kingo zinavimba, skrubu zinalegea, na meza yako ya kupandisha skrini inakwama katikati, nusu imemeza nusu imetapika.

Mafundi wenye akili wanajua hili. Mteja anakuja na simu, anaonyesha klipu, anasema nataka hii hii. Bei ya mota ikitajwa anakohoa. Basi fundi anatafuta njia: badala ya mota anafunga shokapu za buti la gari, zile zinazoinua mlango wa nyuma taratibu, na skrini inapanda kwa kidole. Ubao unaobeba uzito anauweka wa mbao halisi, wa unga anaupeleka pembeni ambako hauumizwi. Nyuma anatoboa matundu ya hewa, maana kompyuta iliyofungiwa kwenye sanduku kwa joto la Dar mwezi wa pili inajipika yenyewe, na tundu jingine la waya wa ekstensheni. Kuna wanaosahau hayo matundu, na mteja anarudi na ugomvi.

Nani anataka meza hiyo? Si bosi wa Masaki, yeye ana vyumba vitano. Anayeitaka ni kijana wa geto. Chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba vitatu kila upande, hatua nne kwa tatu, humo kuna kitanda, jiko la gesi, ndoo za maji na kompyuta inayomlipa kodi kwa kuhariri video au kudizaini nembo za wateja ambao hajawahi kuwaona. Usiku dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Na wezi wa upondo hawajafa: fimbo ndefu, ndoano mbele, mkono haupiti kwenye nondo lakini fimbo inapita. Simu, suruali yenye pochi, laptop, vyote vimeshavuliwa kama samaki kwenye madirisha ya Dar. Meza inayoimeza skrini na kuifungia kwa komeo upondo hauiwezi. Mama wa kasha angemwelewa huyu kijana bila kuelezwa mara mbili.

Kijana akishachukua mzigo wake, picha inapigwa, inakwenda mtandaoni, watu wanauliza bei na imetoka nchi gani. Anayejibu ni mwenye duka. Fundi kesho yuko kwenye meza nyingine.

Ila ukipata nafasi, vuta droo mpaka itoke kabisa, igeuze uangalie nyuma. Kwenye mbao ambazo hazikupakwa vanishi utakuta mistari ya penseli, namba, alama ya X, mshale unaoonyesha upande wa juu, wakati mwingine hesabu ya vipimo iliyofutwa ikaandikwa tena. Alama za namna hiyo zimo kwenye meza ya Keko ya mwezi jana, na zimo pia kwenye droo za kasha kuukuu, zimekwaruzwa kwa ncha ya patasi, ili fundi asichanganye kipande cha kushoto na cha kulia.